Waipa Zilizosimama Katikati ya Kioo

Juu ya meza ya Fauzi Darwesh kulikuwa na magari thelathini na moja, na hakuna hata moja lililozidi urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Inspekta Kabula Masolwa aliyahesabu mara mbili kabla ya kukubali kiti. Nje, joto la Oktoba lilikuwa limeulaza mtaa mzima wa Gongoni. Moshi wa mashamba yanayosafishwa ulikuwa umetanda mbali, na jua liliingia dirishani likiwa limechujwa, rangi yake asali. Lilitambaa mezani polepole, likagusa boneti moja, kisha nyingine, na kila lilipopita, vile vitaa vidogo vya kioo vilionekana kama vimewashwa na mtu aliyemo ndani.

"Yote umeyatengeneza wewe, mzee?"

"Yote. Kwa mikono hii." Fauzi alikuwa na miaka sabini na sita, mwembamba, kofia yake imefuliwa hadi ikalainika kama leso. "Bodi ni makopo ya mafuta ya kupikia. Viti ni mninga. Matairi ni ndala. Rangi namwibia huyu."

Ruaa, binti wa kaka yake, alikuwa anaweka vikombe vya kahawa. Dirishani, nyuma yake, zilipangwa chupa za rangi ya kucha zisizopungua ishirini.

"Ami huniachia nyekundu tu," alisema.

Yalikuwa magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini: Mustang, Charger, Chevelle, magari ya boneti ndefu na injini kubwa kuliko haja ya barabara yoyote ya Tabora. Kila moja lilikuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya gari lenyewe, na mzee alikuwa amekopi kila kitu kutoka kwenye majarida ya zamani: vitasa, vioo vya pembeni, hata skrubu zinazoshika kibao cha namba.

Kabula hakuja kwa ajili ya yale thelathini. Alikuja kwa ajili ya lile la pembeni kabisa, Pontiac la bluu lenye taa za mbele zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Mwezi wa Agosti, kwenye maonesho ya mafundi, muuguzi mmoja aitwaye Mektilda alisimama mbele ya Pontiac hilo nusu saa nzima, kisha akaenda polisi. Baba yake, Hilari, alikuwa dereva wa mtaalamu wa tumbaku, Mmarekani, aliyekaa Goweko na kuja na gari kama hilo kwa meli. Asubuhi ya tarehe 11 Desemba 1973, Hilari aliondoka Goweko kulipeleka gari Tabora likafungwe breki mpya. Hakufika. Gari halikuonekana tena, wala yeye. Jalada la kesi Kabula alilikuta stoo, kurasa tatu zenye njia za mchwa, na lilikuwa limefungwa kwa maneno machache: dereva ameiba gari na kutorokea mashariki. Mektilda siku hiyo alikuwa na umri wa miezi minne.

"Hili uliliona wapi, mzee?"

"Kwenye jarida."

Jarida lilikuwa tayari mezani, limefunguliwa ukurasa wenyewe, kabla hajaulizwa. Kabula aliliandika hilo kichwani. Akatoa kioo cha kukuzia, akainama juu ya picha, kisha juu ya gari.

"Kwenye picha waipa zimelala chini ya kioo."

"Ndiyo."

"Hapa zimesimama katikati."

"Gundi iliponyoka."

"Zote mbili? Tena zimeinama sawasawa?"

Fauzi akanywa kahawa. Kabula akainuka, akazunguka meza gari kwa gari, bila haraka. Waipa za yale mengine zote zilikuwa zimelala. Magurudumu yake yote yalitazama mbele. Ya Pontiac, yale ya mbele, yalikuwa yamekata kushoto hadi mwisho. Akaandika yote mawili kwenye daftari.

"Na hiki kinachoning'inia kwenye kioo cha ndani?"

"Pambo tu."

"Ni rozari, mzee. Na wewe ni Muislamu."

"Pambo ni pambo, mwanangu."

Alilisema kwa upole, macho yake kwenye sahani ya kikombe. Kabula aliomba ruhusa ya kulipiga picha lile gari, akapiga karibu kadiri simu ilivyokubali, akashukuru kwa kahawa.

Nje, Sajini Justus alikuwa akimsubiri na uso wa mtu aliyeokota kitu. Kilikuwa kipande cha bati la kung'aa, urefu wa dhiraa moja, urembo wa ubavuni mwa gari halisi.

"Kilikuwa nyuma ya mlango wa karakana, afande. Yule binti kanipa mwenyewe. Mzee alikuwa fundi gereji miaka ya sabini. Unaona? Hilari alimuuzia gari, mzee akalikatakata, akauza spea. Ndiyo maana anakijua kila kiungo chake."

Ilikuwa nadharia nzuri, na kwa muda wa kutoka mlangoni hadi kwenye gari Kabula aliipenda. Kisha akakigeuza kile kipande, akakisugua mgongo kwa kidole kilicholowa mate. Chini ya kutu palikuwa na muhuri.

"Soma."

Justus akasoma. Kiwanda cha Ufaransa.

"Hii ni Peugeot," Kabula alisema. "Karakana zote za nchi hii zina kipande cha Peugeot. Kirudishe, na umwombe radhi."

*

Asubuhi iliyofuata walikwenda Goweko. Barabara ilifuatana na reli kama watu wawili waliozoeana, na pande zote miti ya miombo ilikuwa imepukutika, mingine imeanza kutoa majani machanga mekundu kabla mvua haijapiga. Hii ndiyo njia waliyopita wapagazi wa misafara, na joto lilipopanda, ardhi mbele ilianza kutetemeka hata ungesema bado wanapita, mbali, wamejitwika, hawafiki. Justus ndiye aliyeendesha. Tangu Gongoni alikuwa mpole.

Imakulata, mke wa Hilari, alikuwa na miaka sabini na tisa. Walimkuta ameketi kivulini mwa bani la kukaushia tumbaku, anabangua karanga, binti yake Mektilda pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mektilda, leta viti."

Kabula alimwonyesha kwanza picha ambayo Mektilda alimpa: Hilari ameegemea Pontiac, mkono mfukoni, anacheka. Padri wa parokia aliipiga asubuhi ileile.

"Watu waliliita Nyati," bibi alisema. "Likinguruma huku, kuku wanaingia ndani."

"Hapa hakuna rozari kwenye kioo, bibi."

"Bado nilikuwa sijaileta. Alishapanda, ameshawasha. Nikamkimbilia, nikaifunga mwenyewe kupitia dirishani." Vidole vyake viliacha karanga. "Ilikuwa ya mbegu. Ilikatika shambani, punje moja ikapotea. Sikuwa na nyingine. Nikaweka ushanga wa kijani." Akamwinamia Kabula, akashusha sauti kama msichana. "Wa kiunoni. Padri angejua angenifukuza kwenye Sakramenti."

Akacheka. Mektilda, ambaye hakuwahi kulisikia hilo, alimtazama mama yake kwa mshangao, naye akacheka huku akijifuta macho.

"Mvua ilikuwa inanyesha?" Kabula aliuliza.

"Hapa? Hapana. Nilikuwa nimeanika nguo za huyu. Mawingu yalikuwa kule." Mkono wake ulinyooka kuelekea magharibi, upande wa Kigwa, kwenye njia ya Tabora.

Kabula alifungua simu, akaikuza ile picha ya gari dogo. Rozari ilitengenezwa kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, na punje zake zilikuwa matone ya rangi, madogo kuliko mbegu za mchicha. Akazipitia moja moja. Zote za kahawia. Isipokuwa moja.

Hakumwonyesha bibi. Alirudi garini, akafunga mlango, akaitazama tena picha hiyo hadi walipopita kijiji cha Igalula.

"Sema, afande," Justus alisema mwishowe.

"Waipa hazisimami katikati ya kioo ila zimekwama ghafla zikiwa kazini. Gari lilikufa mvuani. Goweko hakukuwa na mvua, ilikuwa magharibi. Kwa hiyo hakutorokea mashariki. Alikuwa anakwenda alikotumwa."

"Na ushanga?"

"Ushanga ulifungwa gari likiwa limeshawashwa. Likikupita barabarani huuoni. Mzee Fauzi alikuwa karibu na kioo kile kama nilivyo karibu nawe. Na gari lilikuwa limesimama."

*

Kesho yake Fauzi aliwapokea bila kushangaa. Safari hii hapakuwa na jarida mezani. Kabula alimweleza haki yake ya kunyamaza, akamweleza na yote aliyoyaona, waipa, mvua, ushanga wa kijani, kwa mpangilio uleule. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole gumba kikisugua bati dogo ambalo halijawa kitu. Ruaa alisimama mlangoni.

"Ami?"

"Kaa, Ruaa. Na wewe usikie."

Akaanza mbali, kama mtu anayetafuta njia kwenye ukungu. Kigwa, kando ya reli, kulikuwa na shimo la kokoto lililochimbwa zamani, limejaa maji, kina chake hakuna aliyekijua. Barabara ilipita ukingoni. Yeye alikuwa na miaka ishirini na nne. Kila alipopata nafasi alipanda treni hadi Kigwa kumwona Levina, binti wa mhubiri wa Moravian, na walionana pale shimoni kwa sababu watu waliliogopa.

"Siku ile mvua ilitukuta. Gari likaja kutoka Goweko. Likateleza, likaingia majini. Nilipiga mbizi mara nne, afande. Mara nne. Taa zilikuwa bado zinawaka huko chini, maji yote ya rangi ya chai, yana mwanga. Ilikuwa..." Akatafuta neno, akaliacha. "Mlango ulikataa. Kioo cha dereva kilikuwa wazi kiasi cha kiganja. Niliingiza mkono, nikamshika bega."

"Alikuwa hai?"

"Mara ya kwanza, ndiyo."

Kabula aliandika. Alipomaliza mstari hakuinua kichwa.

"Barabara yote ya Kigwa imenyooka, mzee. Nimepita jana, kwenda na kurudi. Na magurudumu uliyoyatengeneza hayakuteleza. Yamekata kushoto hadi mwisho. Dereva alikata usukani." Sasa akamtazama. "Alimkwepa nani?"

Jua lilikuwa limefika kwenye Pontiac, na bluu yake ikaenea ukutani kama maji. Fauzi aliitazama.

"Sisi," alisema.

Ruaa akaweka mkono mdomoni.

"Tulikuwa na mwavuli mmoja. Tulitoka vichakani tukikimbia, tumeuinamisha mbele kwa sababu ya upepo. Hatuoni kitu. Yeye ndiye alituona."

"Na hukutoa taarifa."

"Levina alikuwa ameshaposwa Sikonge. Alinishika miguu pale pale matopeni. Akijulikana alikuwa na mimi, tena na maiti juu yake, asingebaki na nyumba. Nikamwapia. Nilidhani watalikuta wenyewe, maji yakipungua. Kisha nikasikia dereva anaitwa mwizi. Nikajiambia, Levina akishaolewa nitasema. Akaolewa. Nikajiambia, akishapata watoto. Amefariki Pasaka iliyopita."

"Kwa hiyo ukatengeneza gari."

"Nilidhani likikaa mezani litanitoka kichwani. Halikutoka. Nikatengeneza mengine ili lisikae peke yake."

"Ulilipeleka kwenye maonesho kwa nini?"

"Hakulipeleka yeye," Ruaa alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nililiona zuri kuliko yote."

"Nilimwona akilifunga gari hilo kwa gazeti," Fauzi alisema. "Nikamwacha."

*

Mwisho wa ukame shimo la Kigwa lilikuwa limeshuka chini sana, limebaki bwawa la maji ya kijani lenye mayungiyungi ukingoni. Fauzi hakusita. Alitembea hadi kwenye kisiki kimoja cha mti, akahesabu hatua kumi na moja, akanyoosha mkono. Vijana wa Zimamoto walikaa juu ya mapipa yaliyofungwa pamoja wakachoma maji kwa chuma kirefu. Matope. Matope. Mara ya tatu chuma kililia, na wanakijiji waliojaa juu ya tuta la reli wakasogea wote mbele kwa mara moja.

Mpiga mbizi alizama, akakaa, akatoka. Aliinua ngumi zake mbili tu, akaziweka moja juu ya nyingine, namna taa zilivyopangwa.

Kabula alisimamisha kazi hadi kesho yake. Alitaka winchi kubwa, alitaka daktari, na kuna mtu mmoja aliyepaswa kuwepo.

Imakulata alishuka treni asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshikwa na Mektilda. Fauzi alikuwa ameketi juu ya jiwe, askari pembeni yake. Alipomwona akainuka, akaweka mkono kifuani. Bibi alisimama mbele yake, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima, akasema, "Niambie."

Akamwambia. Hakuondoa mwavuli, hakuondoa kiapo, hakuondoa miaka. Kabula alisikiliza kwa ukaribu, kwa sababu maelezo yaliyoandikwa alikuwa nayo mkononi, na hayakutofautiana hata neno.

"Alipiga honi?" bibi aliuliza.

"Alipiga. Mvua ilikuwa kubwa. Tuliisikia ameshafika."

"Ulimshika bega. Lipi?"

"La kushoto."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama anayeliona. "Alisema kitu?"

Fauzi aliinua mkono. Hili halikuwamo kwenye maelezo. "Maji yalikuwa yamemfika hapa." Akagusa kidevu. "Alinisukuma mkono. Nilidhani amechanganyikiwa. Baadaye sana ndiyo nikaelewa. Gari lilikuwa linazidi kushuka. Alikuwa ananiambia nitoke."

Treni ya mizigo ilipita juu ya tuta, ndefu, ikanguruma hadi behewa la mwisho. Mektilda alikuwa amegeuka upande. Imakulata hakugeuka.

"Miaka hamsini na miwili naitwa mke wa mwizi," alisema. "Huyu alikataliwa uchumba na nyumba mbili kwa ajili ya jina la baba yake. Sikuhama Goweko, kwa sababu niliogopa akirudi asitukute. Unanielewa? Nilikuwa namsubiri."

"Nakuelewa."

"Jumapili utakuja kanisani kwetu. Misa ikiisha utasimama uyaseme haya, yote, mbele ya watu. Na popote pengine nitakapokutaka."

"Nitakuja. Polisi wakinishika, nitaomba wanilete."

Bibi akamtazama Kabula. Kabula alijua sheria, na alijua jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka na lingerudi lini hakuna ajuaye. "Jumapili atakuwepo," alisema.

"Nina ombi," Fauzi alisema. "Jina la yule msichana. Ana wajukuu."

Imakulata aliyatazama maji. Upepo mdogo ulipita ukayasogeza mayungiyungi, yakaachana, yakakutana tena.

"Hilo liache," alisema.

Huko chini winchi iliungwa. Mnyororo ulinyooka ukatoka majini ukidondosha matone, na fundi akainua mkono kungoja amri. Imakulata alianza kuteremka. Ukingo ulikuwa wa udongo mwekundu uliolowa, na hatua ya pili tu kiatu chake kiliserereka. Mektilda alishtuka, Justus akaruka mbele kumdaka; Kabula akamzuia kwa mkono.

Kwa sababu bibi alikuwa ameshageuka nyuma, amemnyooshea Fauzi kiwiko.

"Nishike," alimwambia. "Kunateleza."

Akamshika. Wakateremka pamoja, polepole, hatua moja kisha nyingine, hadi maji yakagusa ncha za viatu vyao. Ndipo Kabula alipotoa ishara, na mnyororo ukaanza kuvuta.